Moyo wa Ngoma ya Bukiro

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita tulimwacha Kokubanza amepiga magoti katika nyumba ya ngoma, mkono wake wa kulia umezama hadi kiwikoni ndani ya ngoma kuu ya Bukiro, vidole vinapapasa na kukuta utupu. Mara mwanga wa mlangoni ukakatika. Mtu alikuwa amesimama nyuma yake.

Nimeletewa barua za kunilaumu kwa kumwacha mwanamke wa watu katika hali ile siku saba nzima. Msomaji mmoja wa Ngenge anadai hata chakula kilimshinda. Basi leo tusicheleweshane.

Aliyesimama mlangoni alikuwa Kagaruki, katikiro wa Bukiro, yaani waziri mkuu wa Mkama, chifu wa nchi ile, mtu wa miwani na tai tangu asubuhi hadi jioni. Kokubanza alichomoa mkono taratibu. Hapakuwa na namna ya kusingizia kwamba alikuwa anafagia.

"Ipo?" Kagaruki aliuliza.

"Haipo, tata," Kokubanza alijibu, akimwita baba kwa adabu ya Kihaya.

"Nani mwingine anajua kuwa umekuja kuitazama?"

Swali hilo halikumkaa vizuri Kokubanza. Mtu mwenye nia njema angeuliza imekwenda wapi. Huyu alitaka kujua nani mwingine anajua.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Tuko Januari mwaka 1963. Tanganyika imepata uhuru mwaka mmoja na mwezi uliopita, na siku ya mwaka mpya sheria imewafuta machifu nchi nzima. Bukiro, enzi ndogo kuliko zote za Wahaya, iliyobanwa kati ya Kishanda na Ngenge, nayo imefutwa. Mkama wake, Kashaija, ndiye kaka wa Kokubanza, tumbo moja. Hana ugomvi na sheria. Ameahidiwa kazi ya uhakimu, naye ameikubali. Anachotakiwa kufanya ni kukabidhi vitu viwili kwa afisa wa boma leo Jumatano saa tisa alasiri: ngoma kuu, na hati iliyo ndani yake.

Hati hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Ni karatasi aliyoitia alama Mkama wa zamani mbele ya Wajerumani, na inasema Bukiro na Mjerumani ni marafiki. Haisemi kutekwa, inasema urafiki. Mwaka juzi, kwenye harusi moja kule Ngenge, wakili mmoja kutoka Kampala alisimama na kibuyu chake cha lubisi, pombe ya ndizi, akafafanua sheria. Nchi iliyotekwa, alisema, hupita mkono hadi mkono, lakini urafiki haurithiwi. Mjerumani kaondoka na Mwingereza naye anafunga mizigo, kwa hiyo Bukiro si ya kurithiwa na Tanganyika wala na mtu yeyote. Inajirudia yenyewe, ina haki ya bendera yake na kiti chake Umoja wa Mataifa. Watu walipiga makofi. Kashaija naye, Mungu amsamehe, alipiga makofi.

Makofi yale yalisikika hadi bomani Bukoba. Na wiki hii mtu fulani amepeleka neno huko kwamba Mkama amekwisha ituma hati New York kudai nchi yake. Hati ikionekana leo, neno hilo ni uongo na Kashaija anakwenda kuwa hakimu. Isipoonekana, atapakiwa kwenye Landrova apelekwe Tunduru, akaishi huko chini ya amri, mbali na mke, watoto na migomba yake. Kokubanza hana ndugu mwingine duniani.

Ndiyo maana asubuhi hiyo aliiacha baiskeli yake langoni, akaingia kwenye nyumba ya ngoma kuhakikisha. Aliikuta ngoma kuu imepinduliwa, uso chini. Ngozi ya kitako, ambayo sasa ndiyo ilikuwa juu, ilikuwa imechanwa mstari mmoja ulionyooka, kazi ya mtu asiye na haraka.

Kagaruki alitoa mfukoni kikasha chake cha ukindu, akamkaribisha punje za kahawa ya kutafuna kama desturi inavyotaka. Kokubanza alizitazama. Hakunyoosha mkono mpaka alipomwona katikiro ametia moja mdomoni na kuitafuna. Kagaruki aliliona hilo. Siku hizo katika jumba la Bukiro kila mtu alimsubiri mwenzake atafune kwanza.

Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye anamjua mwizi. Jumatatu Protase, katibu wa chama, alionekana akizunguka uzio wa jumba. Kijana yule alikulia humu humu, baba yake alikuwa mkata majani wa ng'ombe wa Mkama, na watu wa namna hiyo hawasahau. Nani atafaidika Kashaija akienda Tunduru? Fikiri mwenyewe, alisema, halafu akafuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Kokubanza alifikiri. Akaona maneno hayo yana akili, na kilichomtia wasiwasi ni jinsi yalivyokuwa yamepangwa tayari. Lakini ilikuwa saa mbili na nusu, na saa tisa haikuwa mbali. Alipanda baiskeli akashuka kwenda njia panda ya Muleba.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la Lukmani. Lukmani mwenyewe alikuwa barazani na redio yake, redio pekee ya maeneo yale, chini ya bango la aya ya Kurani alilolichora kwa mkono wake. Alimwamkia Kokubanza, akamuuliza hali ya Mkama, na alipojibiwa aliendelea kumtazama kwa muda kidogo kupita ilivyo adabu. Kokubanza akajiuliza huyu naye anajua nini. Siku ya namna hiyo hata salamu hutia shaka.

Protase alisimama alipomwona. Kokubanza ndiye aliyemfundisha darasa la tano, na ukatibu haukuwa umemtoa katibu woga wa chaki.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye uzio wetu Jumatatu, ndugu katibu?"

"Nilikuja kuhesabu miti ya milamula, Mwalimu. Boma wanataka ramani." Alifungua daftari, akamwonyesha mchoro mbaya sana wa uzio. Ulikuwa mchoro wa Protase kweli. Tangu shuleni hakuweza kuchora mstari ukaenda.

"Hati imeibiwa."

Rangi ilimpotea kijana yule, na Kokubanza, aliyewahi kukamata waongo arobaini kwa mwaka kwa miaka kumi na miwili, aliona kwamba huu haukuwa uongo. Protase alikaa chini. Akasema yeye ndiye aliyeandika bomani kumwombea Kashaija uhakimu, akaapa kwamba Mkama ataikabidhi hati. Isipoonekana, Tunduru hataenda Kashaija peke yake. Na yeye ukatibu basi.

Halafu alifanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya. Alifunga mlango, akatoa kwenye kabati barua ile iliyopelekwa boma, nakala aliyotumiwa aichunguze. Mistari mitatu ya mashine ya chapa, bila jina. *Hati ya Bukiro imekwisha tumwa New York. Ngoma ni tupu. Mkama anajua.*

Kokubanza hakuisoma mara ya pili. Alikuwa akiitazama karatasi yenyewe. Ilikuwa ya samawati, na juu imekatwa kwa mkasi, pale ambapo hukaa nembo ya jumba. Bukiro nzima mtu mmoja tu aliagiza karatasi za samawati kutoka Bukoba, na alizifungia kwenye meza yake pamoja na mashine ya chapa.

Kagaruki.

Alirudi akipanda kilima kwa miguu, anasukuma baiskeli, hasira imemjaa kifuani. Mtu aliyekula chumvi ya jumba miaka kumi na minne. Mtu aliyempa kahawa asubuhi ile ile. Kilichomuuma zaidi ni kwamba angeweza kumkaba koo Kagaruki saa hiyo hiyo na bado asiipate hati. Kama kweli ameituma, yaliyo New York hayarudi kwa saa sita.

Njia ya mkato ilipita kwa Byabato, mlinzi wa ngoma. Hakuna aliyemshuku Byabato. Alikuwa mzee wa miaka sitini, hajui shule, na ukoo wake ulikuwa umelala mlangoni pa nyumba ya ngoma tangu zamani. Hata sisi tumemtaja mara mbili tu katika hadithi hii yote, na mara zote mbili alikuwa anasinzia.

Kokubanza angepita tu, lakini jicho lake la mkulima lilikwama shambani. Maharage ya Byabato yalikuwa yamekauka kupita kiasi. Maganda yalikuwa yanapasukia kwenye mashina, punje zinamwagika chini, na kuku wanajilia. Hakuna aliyeng'oa hata shina moja. Majembe yote matatu ya nyumba ile yalikuwa yamechomekwa kwenye paa. Na Klaudia, mke wa Byabato, mwanamke asiyejua kukaa, alikuwa ameketi nje juu ya majani makavu ya mgomba, kichwa kimenyolewa upara.

Kokubanza aliiegemeza baiskeli kwenye mgomba. "Mawe Klaudia, mama yangu, poleni. Mmefiwa na nani?"

"Si sisi tuliofiwa, mwanangu. Ni nchi."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana, tena akishangaa kwamba dada wa Mkama anavaa gauni la maua wiki ya msiba.

Hapo mambo yakaanza kumjia Kokubanza moja moja. Baba yao alipofariki yeye alikuwa bwenini, mbali, hakuyaona. Lakini alisimuliwa. Mkama akifa, jembe haliingii ardhini. Wanawake hunyoa. Ngoma hupinduliwa uso chini ili isiseme tena. Alisimuliwa hayo yote, na asubuhi ile alipoikuta ngoma imepinduliwa hayakumjia akilini hata kidogo, kwa sababu nani atawaza msiba wakati Mkama mwenyewe yuko sebuleni anakunywa chai? Kagaruki naye hakuyajua. Yeye alikuwa mtu wa mjini, ameletwa na Mwingereza.

"Tata Byabato yuko wapi?"

Alikuwa nyuma ya nyumba, naye kichwa upara, anasuka kamba isiyo na kazi. Aliinuka alipomwona, akamwita Omumbeja kama alivyomwita siku zote, ndiyo kusema binti wa enzi. Hakujificha wala kubabaika. Kokubanza alimuuliza nani ameichana ngoma, naye akajibu kwamba ni yeye, nani mwingine?

Usiku wa mwaka mpya alikuwa dukani kwa Lukmani, akasikia kwa masikio yake redio ikitangaza kwamba enzi za machifu zimekufa. Neno ni hilo hilo, zimekufa. Aliwatazama watu waliokuwa pale akisubiri mtu alie. Hakulia mtu. Wengine waliomba soda. Basi akaona kwamba kama hakuna atakayezika, atazika yeye. Alirudi, akaipindua ngoma, akaichana kwa kisu cha ukoo, akautoa moyo wake na kuupeleka makaburini.

"Moyo gani, tata?"

"Kile kilichomo ndani. Kimefungwa kwenye kitambaa cha gome la mti. Mkama akifa, moyo wa ngoma hulala naye, mpaka apatikane mwingine. Safari hii hapatikani mwingine, kwa hiyo nimeuzika chini zaidi."

Kokubanza alicheka. Kisha akajikuta analia, amemshika mzee mkono, na Klaudia akaja mbio akidhani sasa ndipo msiba umemfika. Hakukuwa na mwizi. Hakukuwa na New York. Kulikuwa na mzee mmoja mwaminifu aliyefanya kazi yake, na mtu wa miwani aliyeiona ngoma imechanwa akafikiri mengine.

Natamani ningeishia hapo, ndugu msomaji. Twende makaburini.

Makaburi ya Wakama wa Bukiro yako upande wa Kishanda, ndani ya uzio mnene wa milamula ambao mtu wa kawaida hauvuki. Kokubanza alisimama nje, kama wanawake wa jumba walivyosimama siku zote. Byabato aliingia na jembe, akachimba bila kusita, akatoka na furushi lenye udongo. Ilikuwa yapata saa sita.

Kokubanza alikuwa amekwisha nyoosha mikono alipouliza, kwa kuuliza tu, kama jambo la kupitisha muda. Aliuliza ni nani hubeba moyo wa ngoma kuuingiza humo, kwa mila.

Byabato alipangusa furushi.

"Ngozi huchanwa na mlinzi. Moyo hubebwa na mrithi. Mguu mwingine ukivuka humo, unaoza."

"Kashaija ndiye mrithi. Mbona hukumwita?"

Mzee aliitazama miguu yake mwenyewe, mizima, yenye udongo wa makaburini. Naye Kokubanza akaitazama. Furaha yote aliyoipata nyuma ya nyumba ikamtoka.

Waliketi kwenye nyasi. Kokubanza alikunjua kitambaa cha gome. Hati ilikuwa nzima, ya manjano, na maandishi yake yalikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama makarani wa Wajerumani kutoka pwani walivyoandika zamani zile. Mwalimu wa miaka kumi na miwili aliitazama karatasi iliyomiliki maisha ya kaka yake na hakuweza kusoma hata neno.

Byabato hakuichukua. Alikaa vile vile, macho kwenye milamula, akaanza kuisema.

"Mimi, Kabyemera, Mkama wa Bukiro, na Bwana Mkubwa wa Kijerumani, tumekuwa marafiki leo. Nchi yangu ni yangu na ngoma yangu ni yangu." Akaendelea mpaka mwisho, alama ya kidole na mashahidi wawili. Halafu akaeleza kwamba baba yake alimfundisha karatasi hiyo moja, herufi kwa herufi, kwa fimbo. Hajui kusoma kitu kingine chochote duniani.

"Kabyemera ni nani?" Kokubanza aliuliza. "Babu yetu ni Rutabingwa."

"Rutabingwa alikuwa mpiga ngoma."

Alilisema bila uchungu. Kabyemera alitia alama, na miaka mitatu baadaye rafiki yake Mjerumani alitaka vijana mia mbili wa kubeba mizigo. Kabyemera akakataa. Akaondolewa kitini asubuhi, na mchana akakalishwa mpiga ngoma wake, aliyekuwa na sauti nzuri na asiyekataa kitu. Kabyemera aliomba jambo moja tu, kwamba kwa kuwa mpiga ngoma amekuwa Mkama, basi Mkama awe mlinzi wa ngoma. Mjerumani alicheka akakubali. Kabyemera ndiye babu yake Byabato.

Wazo la kwanza lililomjia Kokubanza halikuwa zuri, nami silifichi: alijiuliza kama mzee anasema kweli. Karatasi hawezi kuisoma. Maneno ni ya Byabato peke yake. Mtu anayetaka kiti cha Mkama angesema nini tofauti na hayo? Lakini nani anataka kiti wiki hii, kiti kilichofutwa, chenye Tunduru mlangoni?

"Unataka nini, tata?"

"Nilitaka izikwe, Omumbeja. Ukiitoa, watu wa boma watauliza Kabyemera ni nani, watafuata mpaka mlangoni kwangu. Kaka yako hajawahi kuwa Mkama, watamwacha. Mimi, mwenye hati ya kudai nchi, nitakuwa Mkama saa moja, halafu Tunduru." Akamfungia furushi vizuri, akamwekea mapajani. "Ukiizuia, atakwenda yeye. Mimi nimezika, kazi yangu imekwisha. Amua wewe."

Hakumsihi. Afadhali angemsihi.

Kokubanza alifika jumbani saa nane na nusu, hati imo kifuani ndani ya gauni. Watu wamekwisha jaa uani, wengine wa kuaga, wengine wa kutazama. Kagaruki alimkuta langoni. Kokubanza alimtajia karatasi ya samawati, mambo mawili matatu tu, na katikiro yule mwenye tai akashika nguzo. Aliiona ngoma imechanwa Jumatatu, alisema. Alidhani Mkama ameituma hati kweli, na kwamba yeye katikiro ataonekana mshiriki. Ana watoto saba. Aliogopa. Kokubanza alitamani kumchukia, akaona hana nafasi.

Kashaija alikuwa sebuleni, amevaa suti. Sanduku lake lilikuwa limefungwa tayari, na juu yake blanketi mbili zimekunjwa vizuri na mkewe. Alikuwa amekwisha jiandaa kwa Tunduru. Alimtazama dada yake, akasema kitu ambacho Kokubanza hakukitazamia kabisa.

"Ni wewe uliyeituma?"

"Mimi?"

"Una rafiki Kampala. Yule wakili ulimjua kabla yetu sote. Sikulaumu. Nataka tu kujua kabla sijaondoka."

Kokubanza alifungua mdomo. Nje Landrova ilipiga honi.

Afisa wa boma aliitwa Bwana Bartholomayo, mtu mpole, jambo lililotisha zaidi. Alikuja na askari wawili na orodha fupi. Alisalimia wazee mmoja mmoja, akaitazama ngoma iliyochanwa, akaweka alama kwenye orodha. Kisha akamgeukia Kashaija akamwomba hati, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Kashaija alisema hajui iliko. Bwana Bartholomayo alikunja orodha yake, akawaashiria askari kwa kidole kimoja, na askari mmoja akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari.

Kokubanza alimwona kaka yake akigeuka kulitazama sanduku. Alimwona Byabato pembeni ya ngoma, upara wake unang'aa juani, hamtazami mtu. Miguu ya Kokubanza ilitembea yenyewe. Alitia mkono kifuani, akatoa hati, akaiweka mikononi mwa afisa.

"Haikwenda New York," alisema. "Ilikuwa imezikwa kwa mila. Kaka yangu hakujua."

Watu waliguna. Kashaija alifumba macho. Bwana Bartholomayo aliikunjua karatasi, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Amesoma seminari, anajua Kilatini na Kiingereza. Herufi hizi hakuzijua. Protase alisogea, akatazama, akatikisa kichwa.

"Siwezi kutia sahihi kitu ambacho hakijasomwa," afisa alisema. "Nani hapa anaweza?"

Kisha Byabato akaondoka kando ya ngoma na kwenda mbele. Watu wengine walicheka, wakidhani mzee amechanganyikiwa na msiba. Akaipokea hati kwa mikono miwili, akaishika sawasawa, juu ikiwa juu. Kicheko kikaisha.

Kokubanza alimtoa mzee huyu sadaka mbele ya watu wote, naye amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Jina moja litamtoa Kashaija kwenye enzi ya uongo na kumwokoa. Jina hilo hilo litampakia Byabato garini.

Byabato alikohoa.

"Mimi," alisoma, kidole kikifuata mstari kutoka kulia, "Rutabingwa, Mkama wa Bukiro, na Bwana Mkubwa wa Kijerumani, tumekuwa marafiki leo."

Alisoma mpaka mwisho bila kukwama. Alama ya kidole. Mashahidi wawili. Bwana Bartholomayo alisema vizuri sana, akatia alama ya pili kwenye orodha, akampa Kashaija mkono na kumwita Mheshimiwa Hakimu. Vigelegele vilipaa. Kashaija alikuja kumkumbatia dada yake, akimwomba radhi sikioni, na Kokubanza alimkumbatia huku machozi yanamtoka kwa ajili ya mtu mwingine. Kabyemera alivuliwa enzi na Mjerumani. Mjukuu wake ameivua mwenyewe, mbele ya watu waliomcheka, na hakuna aliyejua ila wao wawili.

Hivyo ndivyo Kokubanza alivyodhani, mpaka alipotazama juu ya bega la kaka yake.

Nyuma ya Byabato, karibu kiasi cha kuona karatasi, alikuwa amesimama Lukmani mwenye duka. Sasa Kokubanza alikumbuka kwamba hati ilipoanza kusomwa midomo ya Lukmani ilikuwa inacheza, ikisoma kimya kimya pamoja na mzee, kama ilivyo kwa mtu aliyepitia madrasa. Ilicheza kwenye neno la kwanza. Kwenye neno la pili, lile jina, ilisimama.

Lukmani hakuwa akipiga makofi. Aliitazama hati ikikunjwa na kuingizwa kwenye mkoba wa afisa, akamtazama Byabato kuanzia upara hadi miguuni, kisha akatoka kwenye umati na kwenda moja kwa moja kwenye Landrova, akiwa ameinua mkono kumwomba Bwana Bartholomayo asubiri kidogo.